Nyumba Moja, Mapaa Mawili: Kumuaga Mhasibu Aroni Mutembei

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Aroni Mutembei, Mhasibu wa Ushirika wa Omwani, anatimiza miaka sitini ya umri na miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na kwa mujibu wa taratibu anastaafu. Kwa mujibu wa hali halisi, anastaafu akiwa bado na nguvu zote za kukataa stakabadhi ya mtu yeyote, awe Mwenyekiti, awe dereva, au awe mimi, Benigna Kyaruzi, msaidizi wake, niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na moja.

Kamati ya sherehe iliponipa kazi hii iliniagiza mambo mawili: niwe mfupi na niwe na adabu. Adabu nimejitahidi. Iliniomba pia nijikite kwenye hesabu zake. Lakini jamani, hesabu za Mutembei kila mtu anazijua. Zilikuwa safi, habari imeisha. Jambo alilolipigania maisha yake yote halikuwa hesabu. Lilikuwa kula chakula cha jioni na mke wake, Mwalimu Vestina, kila siku, nyumbani kwao, na kitu pekee kilichokaribia kumshinda katika vita hivyo ni mama mkwe wake. Basi nitaandika hilo, na anayetaka mizania aende masjala.

Mutembei alizaliwa Nshamba, wilayani Muleba, katika familia ya Kilutheri yenye kibanja cha migomba na kahawa. Alisoma sekondari Kahororo, akaenda Moshi kusomea uhasibu wa vyama vya ushirika, na mwaka 1994 akaajiriwa kuwa karani wa hesabu katika tawi letu la Nshamba. Wanaomkumbuka wanasema aliripoti kazini na koti la kijivu lililomzidi mabega. Koti ni hili hili tunaloliona mpaka leo, ila sasa mabega yamelifikia. Mwaka 2005 alihamishiwa makao makuu hapa Bukoba, na hajahama tena.

Pesa ndogo ndogo za ofisi alizitoa kwa uso wa mtu aliyefiwa. Mwenyekiti wetu, Ndugu Datius, aliwahi kuleta stakabadhi ya chakula cha wageni yenye tarehe 31 Juni. Mutembei hakugombana naye. Aliibandika ukutani pembeni ya kalenda, akamwomba Mwenyekiti, siku akipata nafasi, aje amwonyeshe siku hiyo iko wapi. Ilikaa pale mpaka Mwenyekiti alipoamua kuwalipia wageni wake mwenyewe. Dereva wetu Buberwa naye alidai pesa ya pancha, akaambiwa alete na msumari. Tangu siku hiyo Buberwa hutembea na msumari garini, kwa tahadhari, na pancha zake hulipwa bila maneno.

Huyu mtu mgumu namna hiyo, ukimtajia mke wake tu, analainika kama ndizi iliyoiva. Hilo nililiona wiki yangu ya kwanza kazini. Kila asubuhi hupita shuleni anakofundisha Mwalimu Vestina, pale Kahororo, amembebea mkoba wa madaftari mpaka getini, ndipo aje ofisini. Mchana sisi tukienda kwa mama lishe, yeye huenda nyumbani. Kwa simu humwita Mwalimu, na hata mbele ya watoto wao wawili, ambao sasa wamekua na kujitegemea, humwita Mwalimu. Ofisi iliwahi kumpeleka Arusha kwenye semina ya wiki nzima. Siku ya tatu asubuhi tukamkuta mezani kwake, koti limetundikwa, anapiga hesabu. Alieleza kwamba mada zote alishazielewa. Tulipomsaili sana alikiri kwamba chakula cha hotelini kilikuwa kizuri, ila alikuwa anakila peke yake na kilikuwa hakipiti.

Wengine walimcheka. Kuna waliosema amewekewa kitu kwenye chai. Mimi nasema alimpenda mkewe, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Ma Kokushubila wa Ijumbi, karibu na Nshamba, ni mjane, mkulima wa kahawa na mwanachama wetu wa siku nyingi. Kwa wasomaji waliokulia mjini nieleze kidogo. Kwa desturi ya wazee wetu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawaketi meza moja, wala hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia migombani mpaka mwenzake apite. Hiyo ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wameilegeza, na mjini hapa vijana huwakumbatia mama wakwe zao kwa ajili ya picha. Taarifa hiyo haikumfikia Ma Kokushubila, na kama ilimfikia, hakuikubali. Mutembei ndiyo kabisa. Alimwoa Vestina mwaka 1996, na siku ya harusi mama mkwe alikuwa amejifunika khanga, naye bwana harusi alikuwa anatazama viatu vyake. Kwa hiyo hawakuonana.

Taabu ilianza msimu wa malipo ya kahawa pale Nshamba. Mlipaji alikuwa Mutembei. Mlipwaji alikuwa Ma Kokushubila, na alikataa katakata kulipwa na karani mwingine, eti mkwe wake anamwogopa na kwa hiyo hatathubutu kumpunja. Basi siku hiyo Mutembei akisikia tu sauti yake kwenye foleni, anateremka kwenye kiti mpaka chini ya kaunta. Dirishani kunabaki mkono. Kwa nje, Ma Kokushubila anafika na khanga kichwani, anageuka, analigeuzia dirisha mgongo na kunyoosha mkono kwa nyuma. Mkono wa ndani unatoa pesa, mkono wa nje unapokea. Mkono wa ndani unasogeza kitabu na kuonyesha kwa kidole pa kusaini, mkono wa nje unasaini kinyumenyume. Hivyo ndivyo walivyokwenda kila msimu mpaka Mutembei alipohamia Bukoba.

Mkaguzi mmoja aliyetoka mikoa ya mbali aliziona zile saini zilizopinduka miguu juu, akahisi wizi. Mutembei alimweleza desturi yote tangu mwanzo. Mkaguzi hakuelewa, ikabidi meneja wa tawi na mlinzi waigize, mlinzi akiwa mama mkwe. Mkaguzi alitazama igizo lile mpaka mwisho, akafunga jalada, akaandika kwamba hana hoja zaidi.

Miaka ikaenda. Vestina alikuwa akienda Ijumbi kumwona mama yake, Mutembei akimsindikiza mpaka njia panda na kumngojea hapo, na kila mtu alikuwa na amani. Hadi mwaka 2019, Ma Kokushubila alipoteleza kibanjani akavunjika nyonga.

Hospitali walimtibu wakafanya walichoweza, lakini walisema wazi kwamba hatainuka kitandani tena bila kushikwa mkono. Vestina ndiye binti pekee. Kaka yake aliyeko Dar es Salaam alisaidia kwa ushauri wa simu, na ushauri ulikuwa mwingi. Zilibaki njia mbili: ama Vestina ahamie Ijumbi, ama mama aje nyumbani kwao Kahororo. Mama alisema hawezi kulala chini ya paa la mkwe, kwamba bora wamwache palepale wodini mpaka wauguzi wamchoke. Mchungaji alimtembelea akamweleza kwa upole kwamba mbele za Mungu desturi hiyo haina uzito. Ma Kokushubila alimsikiliza vizuri, akamshukuru kwa sala, kisha akamshauri mchungaji aende akaishi na mama mkwe wake yeye kwanza, halafu arudi amweleze. Mchungaji hakurudi na hoja hiyo.

Vestina akaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho kwenda shule ya Ijumbi, na akafunga begi.

Wiki ile ndiyo niliyomwona Mutembei akijumlisha akakosea. Niliirudia ile hesabu nikidhani nimekosea mimi. Nilipomwonyesha, alivua miwani akaniambia, bila kuzunguka, kwamba nyumba ile bila Mwalimu hataiweza, kwamba hajawahi kulala peke yake ndani yake na hataki kujifunza uzeeni. Aliomba ofisi imrudishe tawi la Nshamba, hata kwa cheo cha karani, awe karibu na Ijumbi. Nafasi haikuwepo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Akaenda kumwona Mzee Mwijage, shemeji yake Ma Kokushubila, ambaye kwa mambo ya desturi Ijumbi nzima humsikiliza. Mutembei alimwuliza kama mhasibu anavyouliza: kifungu hasa kinasemaje. Kinakataza nyumba moja au paa moja? Mzee alifikiri sana, akatafuna punje za kahawa, akajibu kwamba ni paa. Mutembei akauliza, na paa ni nini? Mzee akasema paa ni pale mvua inapozuiwa. Mutembei akamshukuru, akapanda gari la kurudi Bukoba, na kesho yake akamwita fundi Dastan.

Nyumba ya Mutembei ina sebule, jiko na chumba cha kulala upande wa mbele, halafu korido, halafu vyumba viwili vya nyuma. Alimwagiza fundi apande juu aondoe mstari mzima wa mabati juu ya korido, kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi alidhani amesikia vibaya. Alipohakikishiwa alikataa kupanda ngazi mpaka Mwalimu Vestina atoke shuleni athibitishe kwamba mumewe ni mzima. Mwalimu alikuja, akamtazama mume wake, akaelewa, akaanza kucheka hadi akaketi chini. Kisha akalia. Kisha akamwambia fundi apande.

Mtu asiyejua Bukoba huenda asione ukubwa wa jambo hili. Hapa mvua haina msimu inaouheshimu. Nyumba zetu zinavuja hata zikiwa na mabati yote, na huyu bwana alilipa fundi ili ivuje. Alikata mfereji sakafuni, akainua vizingiti vya milango, akatundika miavuli miwili ukutani, mmoja kila upande wa korido. Mzee Mwijage aliletwa kutoka Ijumbi kukagua. Alisimama katikati ya korido, akainua uso, wingu likawa linapita, na tone moja likamdondokea kwenye paji la uso. Akatangaza kwamba hayo ni mapaa mawili na kwamba yeye hana neno. Jumamosi hiyo Buberwa alimleta Ma Kokushubila kwa pikapu ya Ushirika, na Mutembei alikuwa amejificha kwa jirani mpaka mama alipofikishwa chumbani. Mafuta ya safari ile aliyalipa yeye mwenyewe, na akajiandikia stakabadhi.

Hivyo Vestina hakuhama. Kwa miaka sita amekuwa akimpelekea mama yake chai kwa mwavuli, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mchana akiwa shuleni, kulikuwa na Penina, msichana wa kazi mwenye mikono imara na masikio ya kuchagua. Mutembei akitaka kupita korido alikohoa. Ma Kokushubila akiwa mlangoni aligonga fimbo chini. Mgeni aliyekuja jioni alidhani nyumba nzima ina kifua.

Kuzungumza moja kwa moja hawakuruhusiwa, lakini hakuna aliyewakataza kuzungumza na Vestina. Mutembei akisoma gazeti kwa sauti, aliomba Mwalimu amweleze mama kwamba bei ya kahawa imepanda. Kutoka upande wa pili wa korido, Ma Kokushubila aliomba Vestina amwambie mumewe kwamba habari hiyo alishaisikia redioni tangu asubuhi na kwamba magazeti yamechelewa. Hapo Vestina alikuwa hajafungua mdomo. Mara nyingi hata hakuwepo, yuko kwaya. Waliendelea hivyo hivyo. Nimekaa kwenye sebule ile nikawasikia wakibishana saa nzima juu ya mbolea, kila mmoja akimtuma Vestina kwa mwenzake, na Vestina yuko sokoni. Walifahamiana mpaka kikohozi. Mutembei akichelewa kurudi, Ma Kokushubila haruhusu chakula kipakuliwe, eti kitapoa. Lakini sura, hapana. Mwaka juzi picha ya zamani ya mama mkwe ilitoka kwenye kalenda ya usharika wa kanisa lao, mstari wa nyuma, naye Mutembei akauruka mwezi huo wote.

Sasa mwaka huu mambo mawili yaligongana. Mutembei alifikisha umri wa kustaafu, na baada ya Pasaka Penina aliolewa. Tumefurahi sana kwa ajili yake. Lakini Mwalimu Vestina bado ana miaka ya kufundisha, kwa hiyo kuanzia Julai nyumbani watabaki watu wawili tu mchana kutwa: mama asiyeweza kuinuka bila kushikwa mkono, na mwanaume mmoja tu duniani asiyeruhusiwa kuushika mkono huo. Walitafuta msichana mwingine. Wa kwanza aliona mvua ndani akaondoka siku hiyo hiyo. Wa pili alisema nyumba ina mapepo. Vestina akarudi kwenye ile barua ya uhamisho ya zamani. Alimwambia mumewe kwa masikitiko kwamba afadhali mwaka au miwili ya kutengana kuliko mama kuanguka tena. Mutembei aliomba jambo moja. Alikuwa na likizo ambayo hajaichukua, akaomba aichukue mwezi Mei ajaribu kustaafu kwanza. Ikishindikana, Mwalimu apeleke barua.

Jaribio lilianza vizuri kuliko tulivyotegemea. Jirani mwenye huruma alikuja asubuhi na mchana kumwinua Ma Kokushubila na kumrudisha. Mutembei alipika. Ndiyo, alifunga aproni ya mkewe akamenya ebitoke, yaani ndizi za kupika, akazichemsha, akaziweka kwenye sinia, akaisogeza sinia kwa mpini wa fagio mpaka mpakani mwa korido, akakohoa, akarudi kinyumenyume. Upande wa pili mama aliivuta kwa fimbo yake akiwa ameketi kitini. Kisha Vestina, aliyekuwa darasani, aliombwa amwambie mumewe kwamba chumvi ni ya kuwekwa, si ya kuonyeshwa tu. Alipika tena. Wiki ya pili Vestina akaombwa amwambie kwamba afadhali.

Halafu ikaja ile Alhamisi. Jirani alikuwa msibani. Ma Kokushubila alikuwa ameachwa kitini karibu na dirisha, na nje, kwenye uwanja wa jirani huyo, kulikuwa na kahawa imeanikwa. Jua lilikuwa kali, kisha ghafla mvua ikamwagika. Mkulima aliyeanika kahawa tangu utotoni akiona kahawa inanyeshewa hakumbuki nyonga. Alishika fimbo, akasimama mwenyewe, akafungua mlango ili apige kelele watu waanue, akaingia koridoni. Sakafu ilikuwa maji matupu. Akaenda chini.

Mutembei alikuwa jikoni na kisu mkononi. Alisikia kishindo. Mimi habari hii nimeisikia kwake, lakini nimeisikia pia kwa Ma Kokushubila, ambaye anaisimulia vizuri zaidi, kwa hiyo nafuata yake. Anasema mkwe wake alifika kwenye kizingiti, akageuzia uso ukutani, akamwomba Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha hesabu za sehemu darasa la tano, amwulize mama kama ameumia. Yeye, huku mvua inampiga usoni, akamwomba Vestina amwambie mumewe kwamba hajui, ila amelowa. Mutembei akamwomba Mwalimu amwambie mama kwamba anakwenda kuita watu. Mama akamwomba Vestina amwambie kwamba watu wote wako msibani na yeye anazama.

Hapo Mutembei alifumba macho akaingia kwenye mvua. Alipapasa. Aliushika mfereji kwanza, halafu fimbo, halafu mkono. Ma Kokushubila naye alikuwa amejivuta khanga usoni kwa heshima, haoni kitu. Akambeba, mtu aliyefumba macho amembeba mtu aliyejifunika, wakaanza kutafuta mlango. Waligonga ukuta wa kulia. Wakarudi, wakagonga wa kushoto. Mwavuli ukaanguka ukawapiga wote wawili. Mara ya tatu kichwa cha mama kiliukosa mwimo wa mlango kwa nafasi ya kucha, na hapo Ma Kokushubila aliondoa khanga usoni, akaacha kumtuma Vestina. Alimwambia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemfokea mwanawe, afumbue macho, mwana wange, yaani mwanangu, kabla hajamuua.

Akafumbua. Walitazamana pale katikati ya korido, mvua inanyesha, kwa mara ya kwanza maishani mwao. Ma Kokushubila alimkagua kuanzia nywele mpaka aproni, akasema kumbe amezeeka hivi. Miaka yote amekuwa akimwonea huruma binti yake kwamba ameolewa na kijana, kumbe ni mzee mwenziwe. Kisha akamwuliza analilia nini. Alimjibu kwamba ni mvua, na mama hakuamini.

Mwalimu Vestina aliporudi jioni alimkuta mama yake amebadilishwa khanga, amefunikwa blanketi, hajavunjika popote, amewekwa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, upande wa mbele. Mumewe alikuwa ameketi kwenye kigoda kando yake akimlisha uji kwa kijiko, na wanabishana juu ya mbolea. Vestina alisimama mlangoni na mkoba wake wa madaftari akingoja atumwe, na hakuna aliyemtuma. Barua ya uhamisho aliitumia kuwashia moto wa kuchemshia ebitoke.

Mzee Mwijage alikuja wiki iliyofuata akiwa na wasiwasi na kitu cha kusema. Aliwatafutia njia ya heshima: kwa kuwa korido haina paa, wale walikutana nje, kama watu wanavyoweza kugongana barabarani, na ajali ya barabarani haihesabiki. Ma Kokushubila alimwambia ampishe na hayo mambo ya ajali. Alisema mkwe alikuwa naye kwa miaka ishirini na tisa, akamheshimu ipasavyo, na sasa imetosha. Kuanzia ile Alhamisi hana mkwe, ana mtoto wa kiume, na huyu angalau hampi ushauri kwa simu. Mzee alifikiri, akaletewa rubisi, pombe ya ndizi, akasema kwa mtoto wa kuzaa hakuna desturi yoyote inayokataza.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote namshukuru Ndugu Mutembei kwa kutufundisha kazi, kwa kutukatalia tulipostahili kukataliwa, na kwa mwaka ule alipokaa nami kila jioni ya mitihani yangu ya uhasibu, akiniaga dakika chache kabla ya muda wake wa kula ili asimcheleweshe Mwalimu. Mimi sijaolewa bado, na wanaoniuliza nangoja nini, nawajibu nimekaa chumba kimoja na Mutembei miaka kumi na moja, sasa najua kipimo.

Kamati ilikuwa imeshachagua zawadi ya kumuagia, seti nzuri ya makochi. Mwenyekiti, kwa busara, aliona amwulize kwanza. Mutembei alishukuru akaomba makochi yarudishwe dukani. Hivyo, ndugu zetu mliotoka Nshamba na Ijumbi, msishangae mtakapoona Buberwa anaingia ukumbini na mabati mapya begani, yamefungwa utepe mwekundu, pamoja na misumari yake na fundi Dastan akiwa nyuma na ngazi. Na msimshangae yule bibi aliyeketi meza ya mbele, katikati ya Mwalimu Vestina na mstaafu, anayemtengenezea mstaafu kola ya koti. Mtazameni tu. Naye anaruhusu.

Mzee Mutembei, nenda nyumbani ukale. Tunawatakia wote watatu maisha yasiyovuja, chini ya paa moja.